Mkwe Nyuma ya Pazia

Mama aliunyoosha mkono kumsalimu Gachanja, kisha akaurudisha.

Niliuona vizuri kwa sababu nilikuwa kwenye cherehani yangu pale karibu na mlango, nikipinda sketi ya shule. Vidole vyake vilifika katikati, vikakaribia kabisa vidole vya mwanaume niliyempenda, vikasita, vikajikunja, vikarudi chini ya leso. Mama akainuka. Akanipita bila kuniangalia, akaingia nyuma ya pazia lililokata chumba chetu mara mbili, upande wa kitanda. Waya wa pazia ukalia.

Gachanja alibaki na mkono hewani. Mkono wa pili ulikuwa umeshika mfuko wa maparachichi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila koti jeupe la hospitali, katika shati la samawati lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama kama inangoja kuitwa jina. Alikuwa amejipanga, maskini. Alikuwa amejipanga kwa ajili yetu.

“Nimekosa nini?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Hata mimi sijui. Kaa.”

“Triza, mama yako amenichukia.”

“Kaa kwanza. Chai iko.”

Akakaa kwenye stuli ya wateja wangu, magoti juu juu. Nje, mafundi wa jua kali walikuwa wakigonga mabati kama kawaida ya Jumamosi hapa Shauri Moyo, na nilishukuru kwa zile kelele, maana bila hizo moyo wangu ungesikika mpaka Gikomba.

Niwaambie kwanza huyu ni nani, na kwa nini mkono mmoja tu ulinitia baridi namna ile.

Mama yangu, Selpher, ana saratani ya mapafu. Hajawahi kushika sigara. Alikaanga samaki pembeni mwa soko tangu kabla sijazaliwa, mkaa asubuhi, kuni za masalio ya maseremala jioni, na ule moshi aliuita rafiki yake kwa sababu ndio uliotusomesha. Kikohozi kilipokuja alitibiwa kifua kikuu, akameza vidonge mpaka vikaisha, kikohozi kikabaki. Siku alipofikishwa kwenye kliniki ya kifua alikuwa hawezi kulala chali. Daktari aliyempokea alikuwa Gachanja.

Yeye si daktari wa kuandika dawa na kuita “next.” Anafanya utafiti. Anafuatilia watu kama Mama, wasiovuta sigara, ambao uvimbe wao una alama fulani inayoonekana tu ukichukua kipande kidogo ukakipima. Kwa hao kuna kidonge. Anachotafuta yeye na wenzake ni kipimo cha kidonge hicho kinachowafaa watu wa hapa kwetu, na kimezwe kwa muda gani. Mama aliingia kwenye utafiti huo akiwa anabebwa. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anapanda ngazi za hospitali akinisuta kwamba natembea kama bibi harusi.

Lakini mimi nilimpenda kabla ya hizo ngazi. Nilimpenda siku ya maji. Mapafu ya Mama yalikuwa yamezungukwa na maji, yakabidi yatolewe kwa sindano mgongoni. Walimkalisha akiwa ameinamia meza ndogo, blauzi imevuliwa, na Gachanja akaniambia, “Mshike mikono. Ongea naye, mwambie chochote.” Kisha akachukua kile chombo cha kusikilizia kifua, akakifumba chuma chake kiganjani. Akangoja. Nikashangaa anangoja nini. Kumbe alikuwa anakipasha joto, ili baridi isimshtue Mama.

“Vuta pumzi, Mama,” akasema. “Vuta… shusha. Tena. Vuta… shusha.”

Alipoinua macho, yalikutana na yangu juu ya kichwa cha Mama kilichoinama. Mimi nilikuwa mama wa mtoto mmoja niliyeachwa na baba yake kabla mtoto hajaota meno. Sikuwa natafuta macho ya mtu. Lakini yalinipata.

Ilichukua muda mrefu, na salamu nyingi za koridoni, mpaka mwezi uliopita aliponiambia maneno yake. Alitaka kuja na watu wake kuniposa, kwa heshima. Nilipomwambia Mama, aliacha kuchambua mchicha.

“Yule daktari? Yule yule?”

“Ndiye huyo, Mama.”

Hakuuliza lingine. Na siku yake ya kliniki ilipofika, alikataa kwenda. Nilimbembeleza, nikalia, nikamnunia. Akasema tu, “Niache, Triza. Nimetoka kwenye ile kitu yao.” Vidonge vilivyobaki kwenye chupa havingefika wiki nyingine. Dada yangu alipiga simu kutoka Busia akafoka, Mama akairudisha simu mezani ikiwa bado inafoka.

Sasa mwaona. Gachanja alikuwa amekuja mwenyewe, na Mama ameurudisha mkono.

Nilimmiminia chai. Hakuigusa.

“Umekuja kama nani?” nilimuuliza.

“Unamaanisha nini?”

“Kama daktari, au kama wewe?”

Alitabasamu kidogo, bila furaha. “Kama daktari siruhusiwi hata kuuliza. Mtu akijitoa kwenye utafiti, amejitoa. Ni haki yake. Halazimishwi, hatishwi, haulizwi kwa nini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsomea maneno hayo siku ya kwanza.”

“Basi umekuja kama wewe.”

“Ningependa. Lakini najua dawa inaisha, Triza. Najua yale maji yanavyorudi. Nikikaa hapa kama mimi, yule daktari ananikanyaga mguu chini ya meza.”

Sijui ni nini kilichonipanda. Labda ni hofu. Hofu ikikosa pa kwenda hugeuka hasira. “Wewe unaogopa kumpoteza mama yangu,” nikasema, “au unaogopa kumpoteza mgonjwa wako? Picha zake ndizo ulizopeleka kwenye mkutano Kisumu, si ndiyo? Uvimbe uliopungua kuliko yote. Wote wakapiga makofi. Sasa akiondoka, utawaonyesha nini?”

Alinitazama. Ana macho yasiyojua kukimbia, hilo ndilo tatizo lake.

“Vyote viwili,” akasema. “Ningekudanganya kama ningesema kimoja.”

“Angalau ungenidanganya!”

“Ungenijua.”

Nikageukia cherehani, nikakanyaga ile pedali bila uzi. Nyuma ya pazia, kitanda kililia. Kisha sauti ya Mama ikaja, pole, kama ya mtu anayeongea kanisani.

“Triza. Mgeni amepewa chai?”

“Amepewa.”

“Mwambie akunywe. Inapoa.”

“Nashukuru, Mama,” Gachanja akajibu mwenyewe, akakishika kikombe haraka haraka kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

Akanywa funda moja.

“Triza,” sauti ikasema tena, “mwambie asiongee nami akiwa ameangalia huku.”

“Hakuoni, Mama. Kuna pazia.”

“Pazia lina tundu.”

Ni kweli lina tundu, mwanangu Tiffany alilikata na mkasi wangu akitafuta nguo ya mwanasesere. Gachanja alinitazama, uso umemwanguka kabisa, kisha akaigeuza stuli yake taratibu mpaka akawa anaangalia ukuta, kwenye kalenda ya kanisa. Daktari mzima, mtu anayesubiriwa na foleni, amegeukia kalenda.

Nikamtazama pale, mgongo kwetu, na kitu kikanigonga kichwani.

Nilikuwa nimewahi kuona hiyo picha.

Bwire, mume wa dada yangu, alitutembelea mwaka fulani bila kutangaza. Mama alikuwa anafua nje. Alipoisikia sauti yake, aliinua beseni lenye nguo mbichi akajifunika kichwa, maji yakimchuruzika mpaka miguuni, akasimama hivyo hivyo mpaka Bwire akapita akiwa amegeuza uso ukutani. Majirani walicheka mpaka jioni. Mimi niliyezaliwa hapa mjini nilicheka nao. Nilikuwa nimedhani ni vituko tu vya watu wa nyumbani.

“Mama,” nikasema. “Unamfanyia kama Bwire.”

Nikaacha pedali.

“Mama. Unamfanyia hivi kama unavyomfanyia Bwire.”

“Kwani Bwire ni nani kwangu?”

“Ni mkwe wako.”

“Basi.”

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Lilitoka kwenye tundu la pazia, likaanguka katikati ya sakafu yetu ya saruji, nami nikashindwa kuliokota.

“Basi nini?” Gachanja aliuliza ukuta. “Triza, amesema nini? Ananifukuza?”

“Hakufukuzi.” Nilianza kucheka na kulia mara moja, ile hali ya kijinga. “Kwetu mama mkwe hampi mkwe mkono. Hamwangalii usoni. Hakai naye chumba kimoja. Akikuheshimu sana, anakukimbia. Gachanja, amekukimbia!”

“Kwetu Baba Dogo,” akasema pole pole, “mama mkwe anakukumbatia mpaka miwani inakatika.”

Nyuma ya pazia nilisikia Mama akicheka puani. Na kwa muda mfupi sana, mfupi kama kiberiti, nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Shauri Moyo. Mama amekubali! Hakusema kwa mdomo, amesema kwa mkono uliorudi.

Kisha kile kiberiti kikazima.

“Mama… ndiyo sababu hukwenda kliniki?”

Kitanda kililia tena.

“Mwanangu, mtu huvuliwa blauzi na mkwe wake?”

Gachanja akainamisha kichwa.

“Nimelala na hilo jambo nikaamka nalo,” Mama akaendelea, na sasa sauti yake haikuwa ya kanisani, ilikuwa ya mwanamke wa sokoni anayejua bei yake. “Dawa ni ya yeye. Utafiti ni wake. Nikibaki na dawa, nimebaki na mkono wake mgongoni, na wewe huwezi kuolewa naye. Nikiiacha, namkimbia kama mkwe, mambo yanakuwa sawa. Mimi nimekula miaka yangu, Triza. Wewe na Tiffany bado. Na mwanaume anayepasha chuma joto kiganjani kabla ya kumgusa mama mzee, huyo haachwi apite.”

Kumbe naye aliona. Akiwa ameinama vile, anaumwa vile, Mama aliona kile kile nilichokiona mimi.

Nilikwenda kwenye pazia, nikaweka kiganja changu juu ya kitambaa. “Sitaki mume kwa bei hiyo. Unasikia? Sitaki.”

“Hukuulizwa.”

“Mama!”

“Hodi hapa kwa wagonjwa wakaidi!” sauti nyingine ikaingia kabla ya mwenyewe. Alikuwa Senge Nabiswa, dada ya marehemu baba yangu, aliyetembea kutoka Mukuru kwa Njenga kwa sababu Mama alimwita bila kuniambia. Alijaza mlango. Akamtazama Gachanja anayetazama kalenda, akanitazama mimi ninayelia kwenye pazia.

“Huyu aliyewekwa kona amefanya nini? Ameiba kuku?”

“Senge, huyu ni Gachanja.”

“Aa. Basi ameiba zaidi ya kuku.” Akavua viatu, akakaa kitini, akamimina chai ya mgeni kwenye kikombe chake. “Selpher ameniambia yote kwenye simu. Kijana, geuka unitazame, mimi si mama mkwe wako, mimi ni shida yako. Uliuona mgongo wa huyu mama?”

“Niliuona, Senge.”

“Wote?”

“Nilikuwa namtoa maji kwenye—”

“Uliudunga?”

“Niliudunga.”

“Wololo.” Senge alikunywa chai. “Hilo halikauki hivi hivi. Nyumbani wazee wakisikia, watasema hakuna harusi hapa. Mtu hawezi kuoa binti ya mwanamke aliyemwona hivyo. Hata kama ni daktari. Hata kama ni malaika.”

Gachanja alisimama. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na siku ile pia hakupandisha.

“Senge, kama ni hivyo basi nitangoja. Nitawaendea hao wazee mmoja mmoja. Lakini asiache dawa kwa ajili yangu. Mimi nisipooa nitaumia, nitaishi. Yeye akiacha dawa…” Akaigusa ile kola. “Baba yangu alikuwa mpaka rangi wa samani kule Baba Dogo. Alikohoa mwaka mzima, akatibiwa kifua kikuu kama Mama hapa. Waliogundua ni saratani waligundua wakati hakuna la kufanya. Nikiwa chuoni wenzangu waliniambia, Gachanja, achana na mapafu, chagua saratani nyingine. Mapafu hayana utafiti, wagonjwa wanafika wamechelewa, wanaondoka kabla hujajua majina ya watoto wao. Nikasema sawa, basi mimi nitawangoja hao hao waliochelewa. Nimewangoja. Nimezika wengi, Senge. Huyu mama alikuja amebebwa, sasa anapanda ngazi. Msiniambie nimfunge mlango kwa mkono wangu.”

Senge aliweka kikombe chini.

“Nani amesema ufunge mlango? Umesoma mpaka umesahau kungoja mtu amalize kuongea. Nimesema halikauki hivi hivi. Sikusema halikauki.” Akanyoosha kidole. “Aliyevua, huvika. Utamletea blanketi. Zito, si zile ukizianika unaona Gikomba ng’ambo. Utanipa mimi, mimi nitamfunika. Na kuanzia leo mkono wako haumgusi tena, macho yako hayamfuati tena, mpaka wazee wawafungulie. Hilo unaweza?”

“Naweza.”

“Na dawa?” nikauliza mimi. “Senge, na dawa? Mama anasema dawa ni ya Gachanja.”

“Dawa ni yako wewe?” Senge alimgeukia.

Gachanja alikuwa na ule uso wa mtu anayefungua kitu alichokuwa amekikalia.

“Si yangu,” akasema. “Na hata sisi tuna sheria. Iko kamati inayosimamia utafiti wote. Mtafiti hatakiwi kumshughulikia mtu wake. Akiwa na uhusiano na mgonjwa, au na familia yake, anatakiwa aseme, na anaondolewa kwake. Hamtibu. Haoni picha zake. Haambiwi anaendeleaje mpaka utafiti wote umalizike, ili mapenzi yasije yakasoma picha badala ya macho.” Alinitazama. “Nilipaswa kusema mwezi uliopita, Triza. Siku ile ile niliyokwambia nakupenda. Nilichelewa.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu kifua cha Mama ndicho ninachokijua ambacho kinafunguka. Nilitaka kukisikia mara moja zaidi. Kisha mara moja zaidi.”

Hasira yangu yote ya mwanzo, ile ya picha za Kisumu, iliisha hapo. Mtu wa kujionyesha hangeongea hivyo.

Senge Nabiswa alipiga paja lake kofi. “Kumbe hata hospitali wana mwiko! Selpher, umesikia? Mwiko wao na wetu walinyonya ziwa moja!”

“Nimesikia,” pazia likasema.

“Kuna Daktari Fartun,” Gachanja akasema. Kisha akakumbuka, akageukia kalenda tena, na maneno yakawa yananipitia mimi. “Tuko naye kwenye utafiti huo huo. Dawa ni ile ile, kliniki ni ile ile. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Kama Mama akikubali, Jumatatu nitaiandikia kamati, na yeye atampokea. Akikataa pia, ni haki yake. Sitauliza kwa nini.”

Tulingoja. Nilisikia Mama akivuta pumzi, na katikati ya ile pumzi palikuwa na ukwaruzo mdogo ambao haukuwepo wiki mbili zilizopita. Gachanja aliusikia pia. Vidole vyake vilikaza kwenye goti.

“Triza, muulize. Huyo Fartun anapasha chuma joto?”

“Nitamwambia,” Gachanja akasema.

“Na yeye mwenyewe hataona picha zangu?”

“Hataziona… sitaziona.”

“Hataambiwa kama napona?”

“Mpaka mwisho wa utafiti.”

“Mwisho ni lini?”

“Si karibu, Mama.”

Pazia lilitikisika kidogo, kama mtu aliyekaa upande wa pili ameegemeza kichwa chake hapo.

“Mimi nilitaka kuacha dawa ili nipate mkwe,” Mama akasema. “Na yeye anaacha kujua kama naishi ili apate mke. Basi hakuna mjanja kati yetu. Mwambie siku ya kliniki nitakwenda.”

Senge alipiga kigelegele kimoja kikali kikamshtua paka wa jirani. Mimi sikuweza kupiga. Nilikaa chini pale pale kwenye vipande vya nguo, nikajifunika uso na sketi ya mtoto wa watu.

Nilimsindikiza Gachanja mpaka kwenye kona ya nyumba, pale kamba za nguo zinapoanza. Tiffany alitufuata akiwa na parachichi mkononi, analikumbatia kama mtoto mchanga.

“Mama yako anasema nini kuhusu huyu?” nilimuuliza Gachanja. Nilikuwa nimeliogopa swali hilo tangu mwanzo. Najua wanavyosema watu juu ya mwanamke aliyekuja na mtoto.

“Mwanzoni alinyamaza siku mbili. Anasali sana Maitu, na akisali mimi najua nina kesi.” Alichuchumaa, akamfunga Tiffany kamba ya kiatu. “Jana akaniuliza anavaa saizi gani ya sweta.”

Nilivitazama vile vidole vikifunga fundo dogo kwa uangalifu ule ule wa siku ya maji. Alipoinuka, alikuwa karibu nami kuliko ilivyo desturi ya mchana katika mtaa wenye madirisha mengi. Hakunigusa. Alinitazama tu, na mimi nikamtazama, na madirisha yakapata yalichokuwa yanangojea.

“Utavumilia?” nikamuuliza. “Kutojua?”

“Sijui,” akasema. “Ndiyo maana naogopa.”

Blanketi lilikuja mikononi mwa Senge, jekundu lenye mistari myeusi, zito kiasi cha kumchosha aliyelibeba. Siku ya kliniki jua lilikuwa kali, watu koridoni wanajipepea na kadi zao, lakini Mama alilivaa mabegani kama malkia. Nilimwambia atayeyuka. Akaniambia ninyamaze, nitembee.

Tulikuwa tunakaribia mlango wa Daktari Fartun wakati mlango wa mbele yake ulipofunguka. Gachanja akatoka, koti jeupe, madaktari vijana wanamfuata wakiandika kila analosema. Alituona. Sentensi ikamkatikia mdomoni. Kisha, mbele ya wanafunzi wake wote, akageuka akatazama ukuta, kwenye bango la jinsi ya kunawa mikono, kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza.

“Daktari?” kijana mmoja akauliza. “Uko sawa?”

“Mpishe huyo mama,” akajibu bila kugeuka.

Mama akainamisha kichwa, akalivuta blanketi likamfunika mpaka shingoni, akaanza kupita. Nilidhani atapita haraka, kama siku ya beseni. Lakini alipofika nyuma yake kabisa, alisimama. Koridoni kulikuwa na kelele za watoto na viti. Mama alifumba macho. Akavuta pumzi, ndefu, mpaka mabega yakapanda na lile blanketi. Akaishusha. Akavuta tena, polepole, vile vile alivyofundishwa akiwa ameinama juu ya meza ndogo, na akaishusha yote mpaka mwisho.

Ule ukwaruzo ulikuwepo, lakini mdogo. Hata mimi niliusikia ulivyo mdogo.

Kisha akaingia kwa Daktari Fartun bila kusema neno.

Gachanja hakugeuka. Alibaki na uso kwenye lile bango mpaka mlango ulipofungwa. Lakini niliona kiganja chake cha kulia, pale ubavuni mwa koti. Kilikuwa kimefumbwa taratibu, kama mtu anayekipasha kitu joto.